Pijo ya marehemu baba: rangi kuukuu itolewe kwa njia gani?

*"Shikamoo fundi. Marehemu baba aliniachia Peugeot 504 saloon ya mwaka 1976. Imekaa bandani kwetu Kisauni miaka kumi na minne. Injini nimeshaishughulikia na inawaka, sasa nataka kulipiga gari rangi upya. Rangi ya juu ni buluu, imepasukapasuka kama tope la bwawa lililokauka, na chini ya milango kuna malengelenge. Nilipokwangua kidogo kwenye buti nikakuta njano chini ya buluu. Mzee alikuwa akisema gari lilikuja likiwa njano. Fundi mmoja ameniambia atalipiga mchanga gari zima, kwa mtambo wa hewa ya presha, kwa siku moja, tena mchanga wa ufukweni, kwa hiyo si ghali. Binamu yangu anasema ninunue rimuva, ile dawa ya kutoa rangi, nifanye mwenyewe uani. Jirani anasema moto wa gesi ndio mwepesi kuliko yote. Nyumbani nina watoto wawili wadogo na mke wangu ni mjamzito. Njia ipi ni bora?"*

Marahaba, mwanangu, na Mungu amrehemu mzee. Gari alilokuachia lina heshima yake. Peugeot 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975, na ndugu yake wa milango miwili, mwenye injini ya V6, akashinda tena mwaka 1978. Watu wa rika langu tunazikumbuka 504 ndefu zilizokuwa zikijaza abiria wa safari za mbali kutoka Nairobi, mpaka "kupanda Pijo" ikawa ndiyo namna ya kutaja safari yenyewe. Kwa hiyo naelewa kwa nini huna raha na ushauri wa kila anayepita karibu na banda lako.

Umeuliza njia ipi ni bora, lakini nikiisoma barua yako naona hofu mbili nyuma ya swali hilo. Ya kwanza ni kuliharibu bati ambalo huwezi kulipata tena dukani. Ya pili, ambayo umeitaja mwishoni kana kwamba ni jambo dogo, ni watoto na mama mjamzito. Mimi naanza na hiyo ya pili, kwa sababu ndiyo itakayoamua mengi ya mengine.

Jibu langu kwa ufupi ni hili. Moto wa gesi, hapana kabisa. Mchanga wa ufukweni, hapana, hata kwa kipande kimoja. Kupiga mchanga gari zima, hapana, isipokuwa sehemu chache nitakazokutajia. Rimuva ndiyo, lakini si ya aina yoyote, na si kila mahali. Na inawezekana kabisa kwamba sehemu kubwa ya gari hilo haihitaji kuvuliwa hadi bati.

Tuanze na hiyo njano. Rangi nyingi za magari za miaka ile zilikuwa na madini ya risasi, na walioyategemea zaidi walikuwa watengenezaji wa njano, rangi ya chungwa na nyekundu. Njano kali iliyostahimili jua ilipatikana kwa kromati ya risasi. Sijaliona gari lako, ila njano ya mwaka 1976 mimi huihesabu kuwa na risasi mpaka kipimo kiseme vinginevyo. Vipo vijiti vya kupimia vinavyobadilika rangi vikisuguliwa kwenye mkwaruzo; ukivipata, kwangua hadi ufikie njano yenyewe ndipo upime, maana ukipima buluu ya juu utapata jibu la buluu. Usipovipata, fanya kazi kana kwamba risasi ipo.

Risasi ikiwa imeshikwa ndani ya rangi haimdhuru mtu. Hatari huanza unapoigeuza kuwa vumbi au moshi. Vumbi hilo hukaa kwenye nguo, nywele, zulia na vidole vya mtoto anayetambaa. Mwili huipokea risasi kama vile ni kalsiamu, ukaihifadhi mifupani, na ubongo wa mtoto unaokua ndio unaoumia zaidi. Kwa mama mjamzito huvuka kutoka damu yake hadi kwa mtoto aliye tumboni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Ndiyo maana nakuomba, hata kabla ya kufikiria bati: kazi ya kutoa rangi hiyo isifanyike uani kwenu wakati familia ipo hapo. Tafuta gereji au kiwanja, au familia iende kwa bibi kwa muda. Nguo za kazi zibaki kazini, zisifuliwe pamoja na za watoto, na uoge kabla ya kumbeba mtoto.

Sasa utaona kwa nini moto wa jirani siujadili kwa kirefu. Mwali wa gesi hugeuza risasi kuwa moshi mwembamba unaoingia mapafuni moja kwa moja, rangi za miaka ya karibuni zikiungua hutoa gesi zinazochoma kifua, na bati jembamba hupinda papo hapo. Paa la 504 ni pana na limenyooka kiasi. Likishapindishwa na moto, hata mnyooshaji bati hodari atakaa nalo siku nyingi.

Kupiga mchanga kunahitaji maelezo zaidi, kwa sababu si njia mbaya. Ni njia nzuri inayotumiwa mahali pasipofaa.

Mafundi wengi huamini kwamba mchanga hupindisha bati kwa joto, kwa hiyo wanasema, "tutapiga polepole, tutamwagia maji." Wakati mwingine gusa bati lililotoka kupigwa: utalikuta lina uvuguvugu tu. Kinachopindisha ni kitu kingine. Kila punje ni nyundo ndogo. Inapogonga, inaitandaza ngozi ya juu ya bati kidogo sana, lakini tabaka la chini yake halitandazwi. Punje milioni zikigonga upande mmoja, upande huo unakuwa mpana kuliko wa pili, na bati halina njia ila kuvimba kuelekea ulikotoka mchanga. Bati la mlango au boneti lina unene usiofika milimita moja. Chesi ya lori au mhimili wa meli hauna habari na vipigo hivyo kwa sababu ni mnene. Mlango wako unayo. Kumwaga maji kunapunguza vumbi, lakini hakuondoi nyundo.

Nililijifunza hili kwa hasara. Zamani nilipeleka boneti ya mteja kwa jamaa aliyezoea kusafisha matangi. Alikuwa stadi wa kazi yake, na boneti ikarudi nyeupe safi, haina hata doa la kutu. Nilipoilaza juani na kuitazama kwa ubavu, ilikuwa na mawimbi kama bahari ya kusi. Ukiibonyeza katikati inaingia, ukiiachia inaruka na kulia. Tulihangaika nayo wiki mbili na mwisho tukatafuta nyingine. Tangu siku hiyo paneli pana na bapa siipeleki kwenye mchanga: paa, boneti, buti, ngozi za milango na madigadi.

Na mchanga wa ufukweni una ubaya wake juu ya huo. Kwanza, una chumvi. Punje inapochimba kishimo kidogo kwenye bati, inaacha chumvi humo. Utapiga praima (rangi ya msingi), utapiga rangi, gari litang'aa, kisha chumvi ile itaanza kuvuta unyevu kupitia rangi, na baada ya miezi kadhaa utaona malengelenge madogomadogo kama harara. Watu husema rangi ilikuwa mbaya, kumbe rangi haikuwa na kosa. Pili, mchanga wowote wa kawaida, wa baharini au wa mtoni, hata ukioshwa mara saba, una madini ya silika. Ukipasuka kwa mwendo ule hutoa vumbi jembamba usiloliona, linalokwenda chini kabisa ya mapafu na kuyatia makovu. Ugonjwa huo, silikosisi, hauna dawa ya kuuondoa, na humfanya mtu ashikwe kwa urahisi zaidi na kifua kikuu. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, ilipendekeza mchanga wa silika uachwe katika kazi hii tangu mwaka 1974. Fundi wako aliyejifunga kitambaa usoni anajiumiza, naye pengine hajaambiwa. Mweleze kwa upole.

Kuna sehemu za gari lako ambapo kupiga ndiyo njia pekee ya maana: pembe za ndani za sakafu, vizingiti (mihimili ya chini ya milango), vishikizo vya springi za mbele, rimu za chuma, mabano ya bampa, sehemu zenye kutu iliyochimba visima ambavyo msasa haufiki. Hizo ni nene au zina mikunjo inayozipa nguvu. Mtafute mtu anayetumia ganeti (punje za jiwe gumu) au kioo kilichosagwa, mwenye kofia inayoletewa hewa safi kwa bomba, na anayekubali kupunguza presha na kushika nozeli kwa mshazari badala ya kuielekeza wima. Ukimuuliza anatumia nini na akajibu "mchanga tu", mshukuru uende zako.

Utasikia pia habari za kupiga kwa magadi ya kuokea mikate. Ni kweli ni laini. Ndani ya sanamu ya Liberty kule New York waliyatumia kutoa lami iliyoganda kwenye shaba bila kuichuna, katika ukarabati uliokamilika mwaka 1986. Kwa ngozi ya mlango magadi hayapindishi bati. Lakini hayatoi kutu, na vumbi lake likibaki kwenye maungio praima haishiki. Ukimpata mtu mwenye mtambo huo hapa Pwani, mwulize kwanza anaosha vipi baada ya kupiga. Hilo ndilo swali litakalokuonyesha kama anaijua kazi.

Tuje kwenye rimuva ya binamu. Wengi hudhani rimuva huyeyusha rangi kama thina inavyoyeyusha. Rimuva kali haiyeyushi. Molekuli zake ndogo hupenya katikati ya nyuzi za rangi, rangi inavimba, na kwa kuwa chini imeshikana na bati haina pa kutanukia, inakunjamana na kujibandua yenyewe. Ndiyo maana ukiipaka unaona rangi ikijikusanya kama ngozi ya maziwa. Na ndiyo maana ina haja ya kukaa: ikikauka kabla ya kupenya, umepoteza pesa.

Zile zinazofanya kazi kwa dakika kumi kwa kawaida zina methilini kloraidi. Geuza kopo utafute namba 75-09-2. Hiyo ndiyo namba ya kuitambua popote duniani, lugha yoyote iliyoandikwa. Inachemka kwenye nyuzi joto 40 hivi. Fikiria boneti iliyowekwa juani Mombasa saa saba mchana: dawa hiyo inachemka ikiwa bado iko kwenye brashi. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatuama chini ya banda, na ukiuvuta mwili wako wenyewe unaugeuza sehemu yake kuwa kaboni monoksidi, ile sumu ya jiko la makaa. Watu wamekufa ndani ya vyumba vidogo wakiipaka. Barakoa ya kawaida haisaidii, na hata zile zenye makopo ya mkaa zinapitwa nayo upesi. Marekani iliizuia isiuzwe kwa watu wa kawaida kwa kazi hii mwaka 2019, na Ulaya ilikuwa imetangulia. Hapa kwetu bado utakutana nayo madukani. Kwa nyumba yenye mjamzito na watoto, mimi sikushauri uiguse.

Zipo rimuva zenye alkoholi ya benzili, namba 100-51-6. Ni za polepole. Utapaka tabaka nene, ufunike kwa karatasi ya nailoni isikauke, uiache saa kadhaa, na pengine urudie mara mbili au tatu kwa gari lililopakwa mara nyingi kama lako. Ipake alasiri kivulini, ukwangue asubuhi kwa kisu cha puti kilichozungushwa ncha zake ili zisichimbe bati. Uzuri wake kwako ni mmoja mkubwa: rangi yenye risasi inatoka ikiwa utepe uliolowa, siyo vumbi. Unaikusanya kwenye turubai, unaifunga ndani ya kopo lenye kifuniko. Vaa glavu nene za mpira wa butili. Zile nyembamba za hospitali hazitadumu. Miwani inayofunga pande zote usiisahau, kwa sababu tone moja la rimuva jichoni ni safari ya hospitali. Na utepe ule usiufagilie mtaroni wala usiutupe chini ya mwembe wanakodonoa kuku. Ulizia NEMA, mamlaka ya mazingira, wanaopokea taka za sumu katika kaunti yako.

Pana mahali rimuva haifai kabisa: kwenye maungio. Mfereji wa paa, mikunjo ya kingo za milango, mahali mabati mawili yanapokutana. Dawa inaingia humo, huwezi kuiosha ikatoka yote, na miezi mitatu baada ya kupiga rangi inaanza kuchuruzika na kuinua rangi mpya kwenye kingo. Bandika utepe wa kuzuia upana wa vidole viwili kutoka kila ukingo na kila tundu, kisha sehemu hiyo uimalize kwa msasa. Kwa sababu hiyo hiyo siafiki mtu kulichovya gari zima kwenye pipa la kostiki soda, kazi ambayo nimeona ikijaribiwa. Kostiki hula puti na gundi za maungio, na kipande chochote cha alumini kitatoka kikiwa kimeliwa.

Msasa ndio rafiki wa watu wengi, na kwa sehemu kubwa ya gari lako nadhani ndio utakaofanya kazi. Lakini tofautisha msasa na grainda. Diski ya grainda inazunguka mahali pamoja, inapasha joto kipande kidogo tu cha bati lakini kwa nguvu, na joto hilo linafanya jambo hili: kipande kilichochemka kinataka kutanuka, bati baridi linalokizunguka linakikatalia, kinajikunja ndani kwa ndani, kikipoa kinasinyaa na kuvuta bati lote karibu nacho. Siku hiyo hutaona kitu, utakiona siku ya rangi inayong'aa. Tumia mashine ya msasa inayozunguka huku ikiyumba, namba 80, na uhame mahali kila mara; weka kiganja, ukishindwa kukiacha hapo, umekaa mno. Kwenye kingo na pembe, zile diski za nyuzi za plastiki zenye matundu kama dodoki hutoa rangi bila kuchimba chuma. Brashi ya waya kwenye grainda niiweke kando: huipiga kutu msasa mpaka ing'ae ikadhaniwa ni chuma, na nyuzi zake hukatika zikaruka usoni.

Kwa tabaka zilizo na risasi, piga msasa wa maji kwa mkono. Ni wa taratibu, ila vumbi linakuwa tope unaloweza kulifuta kwa kitambaa na kulitupa salama. Ukianza kuona chuma, acha maji, kausha hapo hapo. Ukilazimika kupiga kavu, vaa barakoa yenye vichujio vya P3 au P100 inayobana uso. Ile ya karatasi ya bluu haizuii kitu hapa.

Na je, unahitaji kufika kwenye chuma? Hili ni swali ambalo hukuuliza, na kwa maoni yangu lilistahili kuja kwanza. Nyufa kama za tope lililokauka kwa kawaida ni dalili ya rangi nyingi juu ya nyingine: tabaka gumu limepigwa juu ya laini, kila moja linatanuka kwa jinsi yake juani, la juu linakatika. Rangi ya kiwandani, iliyochomwa kwenye tanuri kabla gari halijaona barabara, mara nyingi ingali imeshika vizuri chini ya hayo yote. Njano ya mzee ikiwa imekaa imara, isiyo na kutu chini yake, hiyo ni praima bora kuliko utakayoinunua. Punguza buluu mpaka uifikie, isugue ipate mikwaruzo midogo, funika kwa praima ya epoksi. Umeokoa kazi ya wiki nyingi, umeokoa bati, na hukuirusha risasi hewani.

Utajuaje? Chukua sumaku ndogo uifunge kwa kitambaa laini, uipitishe polepole mwili mzima wa gari. Pale inapolegea au kuanguka pana puti nene chini, yaani pana ajali ya zamani au kutu iliyofichwa. Chora duara kwa chaki. Halafu chagua mahali padogo kwenye kila paneli, kiasi cha sarafu, usugue kwa msasa wa maji namba 400 mpaka ufike chuma. Tabaka zitajitokeza kama pete za mti uliokatwa: buluu, kijivu cha praima, pengine rangi nyingine usiyoijua, kijivu tena, njano, praima ya kiwandani, chuma. Mwisho, loweka kitambaa cheupe kwa thina na usugue buluu. Rangi ikihamia kwenye kitambaa, ni laka ya kizamani, na utaweza kuipunguza kwa thina na subira. Isipohama, ni rangi iliyokomaa kwa kemikali na thina haitaifanya lolote. Ikikunjamana, usiipige rangi ya kisasa juu yake hata kidogo, hiyo lazima itoke yote.

Malengelenge ya chini ya milango nayo yana siri yake. Mara nyingi kutu hiyo haikuanzia nje. Maji ya mvua hupita kando ya kioo, hushuka ndani ya mlango, na matundu ya kutolea maji yakizibwa na majani na vumbi, yanakaa. Mlango unaoza kutoka ndani, na malengelenge unayoyaona ni kutu iliyomaliza safari yake. Ukitoa rangi hapo kwa njia yoyote utabaki na bati lenye matundu kama chekecheo. Fungua paneli ya ndani ya mlango, umulike kwa tochi, ndipo uamue. Kipande hicho kitakatwa na kuchomelewa kipya, kwa hiyo usipoteze rimuva juu yake.

Jambo la mwisho ambalo watu wa Pwani tunalipuuza ni saa. Chuma kilichovuliwa rangi Kisauni hakingoji wikendi ijayo. Hewa yetu ina unyevu na chumvi, na jasho la kiganja peke yake linatosha kuacha alama ya vidole vya kutu kufikia asubuhi. Nimewaona watu wamevua gari zima kwa ari, pesa za praima zikachelewa, na baada ya mwezi gari likawa jekundu kuliko lilivyokuwa. Sheria ninayoifuata kwenye gereji ni kwamba chuma kilichofunguliwa leo kinafunikwa leo. Vua paneli moja, isafishe, ikaushe kwa hewa ya kompresa hasa kwenye maungio, ifute kwa kisafisha mafuta, vaa glavu safi, piga praima ya epoksi. Epoksi huziba, ile praima ya kijivu ya kawaida na puti zina unga unaonyonya maji, hivyo zije juu ya epoksi, siyo chini yake. Kama umetumia asidi ya fosforiki kuua kutu ndogo, ioshe na ukaushe kabisa kabla ya epoksi, kwa kuwa mabaki ya asidi huizuia isikomae. Na ukiipiga epoksi, vaa kinga ya pumzi iliyoandikwa kwenye maelezo ya kopo.

Kwa gari lako basi, na bila kuliona, ningeanza hivi. Fungua boneti, buti, milango, na madigadi ya mbele yaliyoshikwa kwa bolti. Hizo zipelekwe mahali pa kazi moja moja, zivuliwe kwa rimuva ya polepole au msasa, kadiri pete zitakavyosema. Paa na ubavu wa nyuma, msasa wa mkono na wa mashine, bila haraka. Vizingiti, sakafu na rimu, ganeti kwa mtu mwenye vifaa. Kabla ya yote piga picha, na uache kipande cha njano cha upana wa kiganja mahali pasipoonekana, kama ndani ya chumba cha injini, ili mchanganyaji rangi apate mfano wa kweli. Ukiamua kumrudishia mzee njano yake, utakihitaji.

Mambo mengine hayafai kuamuliwa kwa barua. Bisibisi ikizama kwenye vizingiti, kwenye sakafu karibu na mikanda ya viti, au mahali springi na shoksabu zinapofungwa, usivue rangi zaidi. Mwite fundi wa kuchomelea bodi alione gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, kwa sababu ukikata kizingiti bila kuligemeza, milango haitafunga tena. Iwapo uliwahi kukwangua njano ile kwa msasa mkavu karibu na watoto, au mama amekuwa akifagia banda, nendeni kliniki mwombe kipimo cha risasi kwenye damu. Mweleze daktari kwamba kuna mjamzito na taja rangi ya gari, maana hatakisia mwenyewe. Na wewe au yeyote akipata kizunguzungu, kichwa kikaanza kugonga au akahisi usingizi wakati wa kutumia rimuva, toka kwenye hewa safi mara moja na uende hospitali ukiwa na lile kopo mkononi.

Jumamosi hii usinunue kitu zaidi ya sumaku na karatasi mbili za msasa wa maji. Pitia gari zima, hesabu pete kwenye kila paneli, uandike. Kisha niandikie zilikuwa ngapi kwenye paa, na kama praima ya kiwandani ilikuwa safi au ina madoa mekundu chini yake. Kwa hayo mawili nitaweza kukuambia kama paa livuliwe au liachwe.